Alama Moja, Maana Mbili: Kusoma Michoro ya Umeme ya Kimarekani na ya Kiulaya

Katika kinu kimoja cha kukamua alizeti kilicho kandokando ya barabara ya Dodoma kwenda Singida, fundi mmoja kijana alikaa karibu nusu siku mbele ya paneli ya mota akitafuta kapasita, vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme, ambazo hazikuwamo. Paneli ilikuja pamoja na mashine iliyokwisha kutumika ng'ambo, na mchoro uliobandikwa ndani ya mlango wake ulionyesha mahali pengi mistari miwili mifupi iliyosimama sambamba. Katika michoro yote aliyofundishwa chuoni, mistari miwili ya namna hiyo ilikuwa kapasita. Aliponipigia simu aliniuliza, "Mwalimu, hizi kapasita zimefichwa wapi?" Nilimwomba anitumie picha ya mchoro, na picha ilipofika jibu lilionekana mara moja: hapakuwa na kapasita hata moja. Mchoro ulikuwa wa Kimarekani, na kila jozi ya mistari ile ilikuwa kontakti, yaani mguso unaounganisha na kukata, ya rilei au ya kontakta, ambazo ni swichi zinazovutwa na koili ya umeme.

Kosa lile halikutokana na uvivu wala ujinga. Tunapofundishana tofauti za michoro ya Kimarekani na ya Kiulaya, kwa kawaida tunaanza na zile zinazoonekana kwa macho, kama vile rezista ambayo Mmarekani huichora kwa mstari wa kupindapinda na Mzungu wa Ulaya huichora kwa mstatili mtupu. Tofauti za aina hiyo hazina madhara makubwa, kwa kuwa alama usiyoijua hukusimamisha na kukulazimisha kuuliza. Alama ya kuogopwa ni ile unayoijua, au unayoamini kwamba unaijua. Mtu wa Dodoma akiambiwa na mwenyeji wake wa pwani amletee mbuzi jikoni, neno ni lilelile, lakini mmoja anamfikiria mnyama aliye zizini na mwingine anataka kibao cha kukunia nazi. Wala hakuna kati yao atakayefungua kamusi, maana kila mmoja ana hakika kwamba ameelewa. Michoro ya umeme ina mbuzi wa namna hiyo wengi kuliko inavyodhaniwa, na makala hii inahusu hao hasa.

Chanzo cha kuwapo kwa njia mbili ni cha kihistoria. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, inayojulikana kwa herufi IEC, iliundwa London mwaka 1906, na makao yake yamekuwa Geneva tangu 1948. Alama zake zimekusanywa katika kiwango cha IEC 60617, ambacho nchi za Ulaya zimekipokea kuwa chao. Marekani, kwa upande wake, ilikuwa tayari imekuza viwanda vyake na desturi zake za uchoraji, na kiwango chake kikuu, IEEE 315 cha mwaka 1975, kiliziandika desturi hizo huku kikikubali alama kadhaa za IEC kama mbadala. Kiwango hicho hakihuishwi tena tangu 2019, lakini kukoma kuhuishwa kwa kiwango hakufuti michoro iliyokwisha kuchorwa: mashine iliyotengenezwa mwaka 1985 bado inasaga, na mchoro wake bado uko mlangoni. Uingereza, ambayo sisi tulirithi kwake mambo mengi ya umeme, nayo ilichora rezista za kupindapinda kabla ya kuhamia kwenye mstatili, na ndiyo sababu kitabu cha zamani cha Kiingereza kinaweza kufanana na cha Kimarekani kwa alama hiyo huku kikitofautiana nacho kwa mambo mengine.

Kabla ya kuitazama alama yoyote, utazame mchoro mzima ulivyolala kwenye karatasi. Mchoro wa udhibiti wa Kimarekani ni ngazi: mihimili miwili imesimama wima, mmoja kushoto na mwingine kulia, na kati yake kuna vipago vinavyosomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kipago kwa kipago kutoka juu kwenda chini. Mchoro wa Kiulaya umelazwa kinyume chake: njia za umeme zimechorwa mlalo, moja juu na moja chini, na saketi zinashuka kutoka juu kwenda chini katika safu zilizopewa namba. Kutokana na mpangilio huo, kila upande una njia yake ya kukuambia kontakti za rilei fulani zimetawanyika wapi. Katika mchoro wa Kiulaya unatazama chini ya koili, ambako utakuta orodha ndogo ya kontakti zake na safu zilimochorwa. Katika mchoro wa Kimarekani unatazama ukingo wa kulia wa kipago chenye koili, ambako zimeandikwa namba za vipago vyenye kontakti hizo, na namba iliyopigiwa mstari chini yake inamaanisha kontakti inayokaa imefunga. Mstari huo mdogo ni rahisi kuudhania kuwa uchafu wa karatasi. Nimewahi kuona mchoro ulionakiliwa upya kwa mkono kwa uangalifu mkubwa, ila mistari hiyo yote ikaachwa, na kwa kuiachia hiyo tu nusu ya habari iliyokuwamo ukingoni ikapotea.

Tuje sasa kwenye kontakti zenyewe. Nitaita kontakti wazi ile ambayo haigusani wakati kifaa hakina umeme, na kontakti funge ile inayogusana wakati huo. Pande zote mbili huzichora kontakti katika hali hiyo ya kukosa umeme, na hilo ni jambo la kushukuru. Mmarekani huchora kontakti wazi kwa mistari miwili sambamba yenye nafasi katikati, na kontakti funge kwa mistari hiyohiyo iliyokatwa na mkwaju mmoja. Mzungu wa Ulaya huchora waya uliokatika wenye mkono ulioinama, na kontakti funge ni mkono huohuo ulioegemea kijistari kidogo. Saketi ikiwa imechorwa wima, mkono wa IEC husogea kutoka kushoto kwenda kulia kifaa kinapofanya kazi, kwa hiyo msomaji aliyezoea anaweza kuuona mwendo wake akilini. IEC pia huongeza kialama kidogo kwenye kontakti ili kueleza ni ya kifaa gani: msalaba kwa braka, nusu duara kwa kontakta, kijistari cha kukata kwa kitenganishi, na kiduara chenye kijistari kwa swichi ya kutenganisha inayoweza kukata mzigo. Kwa maoni yangu hapa IEC imefanya kazi bora zaidi, kwa kuwa kijialama kimoja kinakuambia kama unaweza kukikata kifaa hicho mota ikiwa inazunguka au ni lazima kwanza uisimamishe. Mistari miwili ya Kimarekani haikuambii lolote kuhusu hilo. Unategemea herufi zilizoandikwa juu yake.

Mbuzi mkubwa kuliko wote ni duara lenye herufi M. Katika mchoro wa Kiulaya, duara lenye M ni mota, na kwa mota ya fezi tatu huandikwa pia 3 na kiwimbi chini yake. Katika ngazi ya Kimarekani, duara lenye M ni koili ya kontakta inayoiwasha mota, wakati mota yenyewe imechorwa mahali pengine, kwenye sehemu ya umeme mkubwa. Koili ya Kiulaya si duara bali ni mstatili wenye namba A1 na A2 kwenye ncha zake. Fikiria basi mtu aliyefundishwa kwa IEC akisoma ngazi ya Kimarekani: anaona duara la M likiwa mwishoni mwa kipago chenye kitufe cha kuwashia na kitufe cha kuzimia, na anaamini kwamba mota inapitishiwa umeme wake wote kwenye vitufe. Atakataa kuamini kwamba mota ya kilowati 15 inaweza kufungwa hivyo, naye atakuwa na haki ya kukataa, lakini hitimisho lake litakuwa kwamba mchoro una makosa, ilhali mchoro uko sawa kabisa.

Kijana wa kinu cha alizeti alivuka mtego huo, ila akanaswa na uliofuata. Mota haikuwaka, na aliposhika kitufe cha kuwashia kwa nguvu na kugusa ncha mbili za koili kwa testa, taa iliwaka pande zote mbili. Akaamua kwamba koili imepokea umeme na imekufa, hivyo inunuliwe mpya. Katika saketi aliyoizoea, kontakti ya ovalodi (kinga inayokata saketi mota ikizidiwa na mzigo) yenye namba 95 na 96 hukaa mwanzoni, kabla ya vitufe na koili, na ncha ya A2 ya koili huunganishwa moja kwa moja na nyutro. Wamarekani kwa miaka mingi wameiweka kontakti ya ovalodi baada ya koili, kati ya duara la M na mhimili wa kulia. Ovalodi ikikata katika mpangilio huo, umeme hupita kwenye koili na kuishia kwenye kontakti iliyofunguka. Hakuna mkondo unaotiririka, na kwa sababu hiyo ncha zote mbili za koili huwa na umeme ukipima kutoka ardhini, huku kati ya ncha hizo kukiwa na volti sifuri. Nilimwambia apime kwa mita kati ya ncha na ncha. Ilisoma sifuri. Alibonyeza kitufe cha kurejesha ovalodi, kontakta ikavuta, na koili iliyokuwa itupwe ikaendelea na kazi yake. Kilichobaki ni kutafuta sababu ya ovalodi kukata, na hiyo ilikuwa beringi iliyokauka grisi.

Herufi za kutajia vifaa nazo zina mitego yake. Mmarekani wa viwandani hutumia vifupisho vya majina: CR kwa rilei ya udhibiti, OL kwa ovalodi, PB kwa kitufe, LS kwa swichi ya kikomo, TR kwa rilei ya muda, FU kwa fyuzi. Ulaya hufuata IEC 81346, ambayo herufi yake huonyesha kazi ya kifaa na si jina lake: Q hukata na kuunganisha umeme mkubwa, K huchakata ishara, F hulinda, S huendeshwa kwa mkono wa mtu, na mbele yake huwekwa alama ya kutoa, kama -Q1 au -F3. Sasa ichukue Q hiyo uipeleke kwenye mchoro wa elektroniki wa Kimarekani: ni transista. Ichukue CR: katika ngazi ni rilei, lakini katika michoro mingi ya elektroniki ya Kimarekani CR1 ni dayodi. Kwa hiyo hata ndani ya Marekani kwenyewe herufi hazitoshi bila kujua ni mchoro wa fani gani.

Kuna jozi moja ya herufi ambayo kwa mkoa wetu wa visima virefu ningependa kila fundi aijue, nayo ni L1 na L2. Kwetu, L1, L2 na L3 ni fezi tatu. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230, na kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nchini Marekani, nyumba ya kawaida hupokea kutoka kwenye transfoma ya mtaani nyaya mbili zenye umeme na nyutro iliyotoka katikati: kila waya ni volti 120 ukipima hadi nyutro, na kati ya waya na waya ni 240. Nyaya hizo mbili ndizo zinazoitwa L1 na L2. Boksi la kuendeshea pampu ya kisima lililochorwa kwa mtindo huo litaandikwa L1 na L2 ingawa mota yake ni ya fezi moja na inahitaji volti 230 tu. Fundi mzoefu niliyemfahamu, mtu makini, alifika kwenye kisima cha kijiji, akakuta umeme wa fezi tatu kwenye nguzo na boksi lenye tamino za L1 na L2, akaunganisha kama lilivyoandikwa: fezi ya kwanza kwenye L1, fezi ya pili kwenye L2. Mota ya volti 230 ikapata volti 400. Haikudumu, na akina mama wa kijiji kile walirudi kuchota maji korongoni hadi pampu nyingine ilipopatikana. Hakuna alama aliyoisoma vibaya kwa kipimo cha shule aliyosomea. Kwa mchoro wa aina hiyo ukiwa Tanzania, L1 hupewa fezi na L2 hupewa nyutro, na kibao kilichobandikwa kwenye mota chenye volti zake kisomwe kabla ya mchoro.

Mara nyingi mchoro huandika pia rangi na unene wa waya, na huko nako lugha hubadilika. Nyaya nyeusi Marekani ina umeme, na nyutro ni nyeupe. Katika rangi za sasa za IEC nyeusi ina umeme vilevile, pamoja na kahawia na kijivu, na nyutro ni bluu. Lakini katika rangi za zamani za Kiingereza, ambazo bado zimo ndani ya kuta za nyumba nyingi hapa nchini, fezi ni nyekundu, njano na bluu, na nyeusi ndiyo nyutro. Bluu basi ni nyutro katika mchoro mmoja na fezi katika mwingine. Kuhusu unene, namba ya Kimarekani ya AWG hupungua kadiri waya unavyonenepa. Mchoro ukisema 10, waya una takriban milimita za mraba 5.3, na anayenunua ya milimita za mraba 10 amepoteza fedha tu. Ukisema 4, waya una takriban milimita za mraba 21, na anayeusoma kama ile waya ya milimita za mraba 4 iliyojaa katika maduka ya vifaa vya umeme atakuwa amefunga waya mwembamba mara tano kuliko unaotakiwa. Huo ndio moto unaosubiri siku ya mzigo kamili.

Upande wa elektroniki nitaupitia haraka, maana hasara zake mara nyingi ni za muda na si za mwili. Kapasita ya Kimarekani mara nyingi ina bamba moja lililopinda na jingine lililonyooka. Ya Kiulaya yana mabamba mawili yaliyonyooka. Mstatili mtupu ni rezista Ulaya, lakini mstatili uliojazwa wino katika michoro ya zamani ya Kijerumani ni koili ya kuzuia mkondo, na fotokopi mbaya inaweza kukijaza kilichokuwa kitupu. Mageti ya mantiki ya Kimarekani hutambulika kwa umbo, ilhali ya IEC yote ni visanduku vyenye alama ndani: & kwa lile linalodai ishara zote, ≥1 kwa lile linaloridhika na moja, =1 kwa lile linalotaka moja pekee. Thamani nazo ziangaliwe: mchoro wa Kiulaya huandika 4k7 mahali pa 4.7k ili nukta isipotee katika kunakili, na Mjerumani anayeandika 2,200 anamaanisha mbili na sehemu mbili za kumi, wakati Mmarekani anamaanisha elfu mbili na mia mbili.

Mtu anaweza kudhani kwamba kwa kuwa Tanzania iko upande wa IEC, alama za Kimarekani zitatoweka polepole na haifai kuzipotezea wanafunzi muda. Historia ya PLC, kompyuta ndogo ya kuendeshea mashine za viwandani, inaonyesha vingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya magari ya General Motors ilitaka kifaa cha kuondoa makabati ya rilei viwandani mwake, na miongoni mwa vilivyozaliwa kutokana na hitaji hilo ilikuwa Modicon 084. Programu yake ilionyeshwa kama ngazi, kwa sababu mafundi wa viwanda vile walikwisha kujua kusoma ngazi na hawakutakiwa kujifunza lugha mpya. Njia hiyo ilienea duniani kote, na IEC ilipotoa mwaka 1993 kiwango cha lugha za PLC, ambacho leo kinaitwa IEC 61131-3, iliingiza ngazi hiyo pamoja na mistari yake miwili sambamba. Hivyo IEC yenyewe, ambayo katika karatasi ya nyaya huiita mistari miwili kapasita, katika kioo cha kompyuta huiita kontakti. Fundi anayetengeneza paneli yenye PLC leo hapa Dodoma anazishika zote mbili kwa wakati mmoja, mchoro wa nyaya mkononi na programu mbele ya macho, na anapaswa kuhama kutoka moja kwenda nyingine bila kuteleza.

Kwa kinu kile cha alizeti tuliamua kuuchora mchoro upya kwa mtindo wa IEC, kwa kuwa mafundi watakaoitwa siku zijazo wengi wamefundishwa huo. Hatukuutoa ule wa asili. Ulibaki mlangoni ndani ya mfuko wa plastiki. Kwenye kona ya chini ya karatasi mpya tuliandika jina la kiwango kilichofuatwa, volti za udhibiti ambazo ni 120 na si 230, na tarehe. Tulichanganya jambo moja tu kwa makusudi: namba za nyaya hatukuzibadilisha hata moja, ili namba 7 iliyoandikwa kwenye kijilebo cha waya ndani ya paneli iwe ni namba 7 katika mchoro wa zamani na namba 7 katika mchoro mpya. Na kontakti ya ovalodi tuliichora pale ilipo kweli, baada ya koili, ingawa macho yaliyozoea IEC yatashtuka kuiona hapo.